Kitambi, Mkao wa Mwili na Kazi ya Mapafu

Watu wengi hudhani kwamba mapafu hujitanua yenyewe tunapopumua. Sivyo. Mapafu hayana misuli ya kuyatanua. Hufuata tu mwendo wa kifua kinachoyazunguka. Msuli mkuu wa kazi hiyo ni kiwambo, ambao umeumbika kama kuba na hutenganisha kifua na tumbo. Kiwambo ni sakafu ya kifua, na papo hapo ni dari ya tumbo. Kikijikaza hushuka, nafasi ya kifua huongezeka, na hewa huingia. Kikilegea hupanda, na hewa hutoka. Kwa hiyo chochote kinacholisukuma tumbo kuelekea juu huyabana mapafu.

Mtu mzima wa kimo cha wastani, akiwa ametulia, huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa pumzi moja. Akiisha kuitoa, mapafu hayabaki matupu. Akiwa amesimama hubakiwa na lita 2 na nusu hivi, ambazo hapa tutaziita akiba. Sehemu ya akiba hiyo, yapata lita moja, aweza kuitoa kwa kujikakamua, iliyosalia haitoki. Akiba ina faida mbili: huzuia njia nyembamba za hewa zisijifunge, na huendelea kuipatia damu oksijeni kati ya pumzi na pumzi.

Jambo la kwanza linaloipunguza akiba ni mkao wa mwili. Tukisimama, uvutano wa dunia huviteremsha viungo vya tumbo, na kiwambo hushuka pamoja navyo. Tukilala chali, viungo hivyo hukisukuma kiwambo kuelekea kifuani, na akiba hupungua kwa nusu lita hadi lita moja, hata kwa mtu mwenye afya. Daktari Mwingereza John Hutchinson, aliyetangaza mwaka 1846 chombo chake cha kupimia pumzi kiitwacho spirometa, alipima watu zaidi ya 2,000. Tangu wakati huo alieleza kwamba kiasi cha hewa ambacho mtu aweza kukitoa hubadilika kwa kusimama, kukaa na kulala.

Jambo la pili ni mafuta ya tumboni. Haya huelemea kiwambo kuliko mafuta ya mapajani, hata watu wawili wenye uzito uleule waweza kutofautiana kwa pumzi. Unene hupimwa kwa kugawanya kilo za mwili kwa mraba wa kimo katika mita. Kwa mtu mzima, jibu likifika 30, huo ni unene wa kupindukia. Utafiti wa Jones na Nzekwu, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kwa watu wenye kipimo cha 30, ile sehemu ya akiba inayotolewa kwa kujikakamua ilikuwa chini ya nusu ya ile ya watu wenye kipimo cha 20. Hata hivyo, ujazo wa mapafu yaliyojaa kabisa hubaki karibu na kawaida kwa wengi wao. Ndiyo maana mwenye kitambi aweza kuvuta pumzi ndefu bila taabu, hali akiba yake imekwisha kuliwa.

Mambo haya mawili yakikutana, hatari huzidi. Njia za hewa zilizo chini ya mapafu hujifunga, na damu ipitayo huko hurudi bila oksijeni ya kutosha. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumtia mgonjwa mnene usingizi wa upasuaji, madaktari humwinua kichwa na kifua. Nasi tukimhudumia mtu mnene mwenye fahamu anayehema kwa shida, tusimlaze chali. Tumkalishe wima, kisha tumfikishe hospitali upesi.

Wanafunzi waweza kujionea athari ya mkao. Chukueni dumu la lita 5 linalopenya mwanga, litieni alama kwa kila robo lita, lijazeni maji, kisha ligeuzeni kichwa chini ndani ya beseni la maji. Ingizeni mpira mwembamba mdomoni mwa dumu. Mwanafunzi asimame, abane pua, na kila atoapo pumzi ya kawaida hadi mwisho, apulize mpirani hewa aliyosaza. Arudie akiwa amelala chali. Kila mkao upimwe mara tatu. Kila mmoja atumie kipande chake safi cha mpira, na mwenye pumu, kikohozi au ugonjwa wa moyo asishiriki. Wala mwalimu asimteue mwanafunzi mnene awe kielelezo, kwani tofauti hii huonekana kwa kila mtu.

Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Kwa mapafu ni mzigo, lakini ni mzigo unaoweza kutuliwa: mafuta ya tumboni yakipungua, kiwambo hushuka tena, na akiba hurejea.