Vinywaji vya msimu katika baa za Ayalandi

Vinywaji vya msimu katika baa za Ayalandi ni vinywaji ambavyo wateja huviagiza zaidi katika kipindi fulani cha mwaka kutokana na hali ya hewa, sikukuu, mfungo wa kidini na sheria za nchi. Baa ya huko huitwa pabu, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya nyumba ya watu wote. Katika vijiji vingi pabu ilikuwa pia duka la vyakula, na hadi leo ni mahali pa kupashana habari na kupiga muziki.

Ayalandi (pia huitwa Eire) ina majira manne, na tofauti kati yake ni kubwa. Mwezi Desemba jua la Dublin huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Mwezi Juni mwanga hubaki hadi karibu saa nne usiku. Bila kulijua hilo ni vigumu kuelewa kwa nini watu walewale hunywa kitu cha moto katika nusu moja ya mwaka na chenye barafu katika nusu nyingine.

Bia nyeusi

Kinywaji kisicho na msimu ni bia nyeusi, yaani stauti. Mwaka 1759 Arthur Guinness alitia saini mkataba wa kupanga kiwanda cha St. James's Gate mjini Dublin kwa miaka 9000, kwa kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Rangi ya bia hiyo hutokana na shayiri iliyokaangwa. Povu lake laini hutokana na gesi ya nitrojeni, iliyoanza kutumiwa mwaka 1959. Mhudumu huijaza bilauri kwa awamu mbili, akiiacha kwanza itulie, na mteja anayemharakisha hutazamwa kama mgeni.

Guinness ya chupa inayojulikana Kenya na Tanzania ni ya aina nyingine, Foreign Extra Stout, ambayo ni kali kuliko ile ya bomba inayonywewa Dublin. Aliyeonja moja asidhani ameijua nyingine.

Majira ya baridi

Hapa ndipo kaunta ya pabu inapokuwa na mengi. Kinywaji cha kawaida ni wiski ya moto: kipimo cha wiski, sukari, maji yaliyochemka na kipande cha limau kilichochomekwa karafuu. Karafuu hizo zinastahili kutajwa kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa katika karne ya 19 Zanzibar, na hasa Pemba, ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Wengi huamini kwamba wiski ya moto hutibu mafua. Pombe haitibu mafua. Huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo mnywaji huhisi joto huku mwili wake ukipoteza joto kwa haraka zaidi. Nafuu inayopatikana hutokana zaidi na mvuke na maji ya moto, ambayo hata asiyekunywa pombe anaweza kuyapata kwa limau na asali.

Kahawa ya Kiayalandi ni changa kuliko watu wanavyofikiri. Ilibuniwa katika miaka ya 1940 na mpishi Joe Sheridan huko Foynes, kaunti ya Limerick, mahali ambapo ndege za kutua majini zilisimama zikivuka Atlantiki. Abiria walishuka wakitetemeka kwa baridi, naye akawapa kahawa yenye wiski, sukari na krimu juu yake. Mwaka 1952 mwandishi wa habari Stanton Delaplane aliifikisha katika mkahawa wa Buena Vista, San Francisco, na kutoka huko ikaenea duniani. Wanafunzi wa fizikia watapenda kujua kwamba sukari si ya utamu tu: huongeza msongamano wa kahawa, na krimu, iliyo nyepesi zaidi, huelea vizuri.

Siku ya Krismasi pabu zote hufungwa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo jioni ya tarehe 24 Desemba na siku ya Mtakatifu Stefano, tarehe 26, hufurika watu. Hunywewa divai ya moto yenye viungo, porto ya moto, na Baileys, mchanganyiko wa krimu na wiski ulioanza kuuzwa mwaka 1974. Tarehe 6 Januari, hasa katika kaunti za Cork na Kerry, huadhimishwa Nollaig na mBan, yaani Krismasi ya Wanawake. Siku hiyo kazi za nyumbani ni za wanaume, na wanawake hutoka pamoja. Desturi hiyo ina uzito wake, kwa sababu zamani pabu nyingi hazikuwakaribisha wanawake, au ziliwaketisha katika kichumba cha pembeni.

Kwaresima na Mtakatifu Patrisi

Kujinyima pombe ni sehemu ya historia ya Waayalandi sawa na kuinywa, ingawa watalii hawaambiwi. Mwaka 1838 padre Theobald Mathew alianzisha mjini Cork harakati za kuacha pombe zilizowavuta watu wengi mno. Mwaka 1898 Mjesuiti James Cullen alianzisha Chama cha Pioneer mjini Dublin, ambacho wanachama wake huvaa beji ya Moyo Mtakatifu. Wengine huacha pombe wakati wa Kwaresima tu.

Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, tarehe 17 Machi, huangukia ndani ya mfungo huo, na wengi hujiruhusu kunywa siku hiyo. Hata hivyo, tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria ilizitaka pabu zifungwe siku hiyohiyo. Bia iliyotiwa rangi ya kijani ni desturi ya Marekani. Ijumaa Kuu nayo ilikuwa siku ya kufunga pabu hadi mwaka 2018.

Majira ya joto na ya kupukutika majani

Jua likitoka, watu huhamia nje. Mwaka 2004 Ayalandi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku sigara katika sehemu zote za kazi, na tangu hapo pabu nyingi zimeboresha nyua zake. Kinachoagizwa ni saida, pombe ya matufaha, ikimiminwa juu ya barafu nyingi. Maarufu zaidi ni Bulmers ya Clonmel, kaunti ya Tipperary, ambayo nje ya Jamhuri huuzwa kwa jina la Magners. Watoto na madereva hupewa Cidona, soda ya matufaha.

Septemba mji wa Galway hufanya tamasha la chaza, lililoanza mwaka 1954. Chaza wabichi huliwa na stauti, kwani chumvi ya bahari na uchungu wa shayiri hupatana.

Sheria za sasa

Tangu Januari 2022 pombe haiwezi kuuzwa Ayalandi kwa bei iliyo chini ya senti 10 za yuro kwa kila gramu ya alkoholi. Sheria hiyo iliathiri zaidi maduka makubwa, kwa kuwa bei za pabu tayari zilikuwa juu. Pabu za vijijini zimeguswa zaidi na sheria ya barabarani: kikomo cha kawaida kwa dereva ni miligramu 50 za alkoholi katika mililita 100 za damu, na vijijini mara nyingi hakuna basi la usiku. Wenye pabu wengi wa mashambani wamefunga biashara. Wanaobaki huweka sasa bia zisizo na alkoholi, ikiwemo Guinness 0.0, ambazo jirani anaweza kunywa katika msimu wowote na kisha kuendesha gari hadi nyumbani.