Barua ya Nyasi: Kingo Safi za Uwanja Bila Faini wala Majeraha

Barua ilikuwa imelala wiki mbili katikati ya vipeperushi vya pizza na matangazo ya bima. Nilikuwa nimetoka zamu ya nne ya usiku mfululizo, macho mazito, nikaifungua nikiwa bado nimesimama jikoni. Ilitoka kwa chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu, hiyo HOA tunayoilipia ada kila mwaka. Ilisema uwanja wetu haujatunzwa, na tusiporekebisha tutatozwa faini. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Mume wangu alipandwa na hasira. "Mbona nakata nyasi kila Jumamosi? Hawa hawatutaki tu." Nami niliwaza hivyo hivyo. Sisi ndio familia pekee ya Watanzania katika mtaa huu wa pembezoni mwa Dallas, na ukiwa mgeni, kila barua kali unaisoma kama barua ya kukufukuza.

Aliyetutuliza ni mzee mmoja mstaafu wa nyumba ya pili. Alicheka kidogo, akasema yeye aliipata barua kama hiyo mwaka uliotangulia. Kisha akatuonyesha kwa kidole. Nyasi zilikuwa zimetambaa na kumeza karibu upana wa kiganja wa njia ya waenda kwa miguu. Kando ya uzio na kwenye nguzo ya sanduku la barua, zilifika magotini. "Mnakata katikati," alisema, "lakini hamkati kingo."

Ukoka haujui mpaka

Ndugu msomaji, huenda nawe umelelewa kama mimi. Kwetu Morogoro uwanja safi ni uwanja uliofagiwa. Mama alituamsha alfajiri tufagie mpaka ardhi ionekane michirizi ya ufagio. Nyasi karibu na nyumba zilikuwa maficho ya nyoka, na fyekeo lilizimaliza. Hapa mambo ni kinyume: nyasi ndizo uwanja, na usafi wake unapimwa pale zinapokutana na saruji.

Nyasi zinazopandwa sana Texas ni za aina mbili, St. Augustine na Bermuda. Hiyo Bermuda, licha ya jina lake, asili yake si kisiwa cha Bermuda. Ni ukoka, ule ule unaotambaa viwanjani kwetu Afrika Mashariki. Husambaa kwa vikonyo vinavyotambaa juu ya ardhi na vingine vinavyopita chini, ndiyo maana kuukata juu tu hakuuzuii kuvuka. Lazima ukatwe wima, pembeni, mara kwa mara.

Vifaa na hatua

Tulipouliza kampuni za bustani, gharama ya mwezi mmoja ilikaribia bei ya mashine ndogo. Tukaamua kujifunza wenyewe.

Kuna mashine mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ina kisu kinachozunguka wima, nayo ni ya kukatia kingo kando ya saruji. Ya pili ni mashine ya uzi, inayokata kwa uzi wa plastiki unaozunguka kwa kasi, na hufaa kwenye uzio, nguzo na kona. Hii ya pili ilibuniwa hapa hapa Texas. Mwaka 1971, George Ballas wa Houston alitazama brashi zinazozunguka za kuoshea magari, akafunga nyuzi kwenye kopo tupu na kulizungusha kwa mashine. Ndiyo iliyokuja kuuzwa kwa jina la Weed Eater.

Kama ukingo umesahauliwa muda mrefu, usianze na mashine. Anza na beleshi lenye makali yaliyonyooka, siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini si tope. Simamisha beleshi wima kando ya saruji, likanyage, kisha ng'oa utepe wa nyasi uliolala juu ya njia. Sisi ilituchukua Jumamosi nzima. Baada ya hapo, kazi ya kila wiki haizidi nusu saa.

Utaratibu wetu ni huu. Kwanza tunaokota mawe, vijiti na vitu vya kuchezea vya watoto. Pili, tunapitisha kisu kando ya njia, kina cha inchi moja hadi mbili, tukitembea polepole. Tatu, tunapitisha mashine ya uzi kwenye uzio na nguzo, kwa urefu ule ule wa nyasi za katikati, ili tusiache vipara. Nne, tunakata nyasi za katikati, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Mwisho, tunafagia mabaki na kuyarudisha uwanjani. Usiyasukumie kwenye mtaro wa maji ya mvua, maana huuziba na huchafua mito.

Angalia mambo mawili zaidi. Usikaribishe uzi kwenye shina la mti. Huchubua gamba, na mti uliochubuliwa mzunguko mzima hufa. Zungushia shina duara la vipande vya magome badala ya nyasi. Pia chunguza vichwa vya bomba za kumwagilia na waya za intaneti, ambazo mara nyingi hupita juu juu tu. Ukitaka kuchimba kwa kina, piga 811 kwanza waje kuonyesha zilipo nyaya na mabomba. Huduma hiyo ni bure.

Jicho la mpwa wangu

Sasa naandika kama muuguzi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo anayeishi kwetu, alijitolea kutusaidia. Alitoka na mashine ya uzi akiwa amevaa kaptula na kandambili, bila miwani. Baada ya dakika kumi aliingia ndani ameshika jicho, damu ikimtoka chini ya kope. Kijiwe kilikuwa kimerushwa. Nimeshughulikia majeraha ya watu miaka mingi, lakini siku ile mikono ilinitetemeka, maana huyu nilikabidhiwa na dada yangu.

Tulikimbilia hospitali. Mungu alisaidia, ulikuwa mkwaruzo kwenye konea, ukapona kwa dawa ya matone. Jiwe lingekuja kwa kasi zaidi, ningempigia dada yangu simu nyingine kabisa.

Kwa hiyo usianze bila miwani ya kinga inayofunika pembeni, viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu na vizuia kelele masikioni. Watoto na wapita njia wakae umbali wa mita 15. Fanya kazi asubuhi, joto la Texas lisikuangushe, na unywe maji.

Jicho likiumia, usilisugue wala kulikandamiza. Vumbi tu, suuza kwa maji safi. Lakini kama kuna kitu kimechoma ndani, usikitoe wala usisuuze. Funika kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, kisha uende hospitali mara moja. Uoni ukififia au damu ikionekana ndani ya jicho, usingoje kesho.

Kabla hujapokea barua

Usiiache barua kwenye rundo kama sisi. Huko Dallas mjini, nyasi zikizidi inchi 12 ni kosa kwa kanuni za jiji, hata kama mtaa hauna HOA. Kwa sheria ya Texas, kwa kawaida chama hakina budi kukutumia kwanza barua ya rejesta na kukupa muda wa kurekebisha, nawe una siku 30 za kuomba usikilizwe. Sisi tuliandika barua pepe fupi, tukaambatisha picha za kingo mpya. Faini haikuja.

Kama umepanga, soma mkataba ujue uwanja ni jukumu la nani. Ukiajiri kampuni, uliza kama kingo zimo kwenye bei na kama wana bima jiwe likivunja kioo cha jirani.

Na wewe mwanafunzi, sikiliza. Majirani walipoona kazi ya mpwa wangu, walimwomba awakatie kwa malipo. Nilimkataza. Ana viza ya F-1, na kazi ya malipo nje ya chuo bila kibali inaweza kumharibia masomo yote. Dola arobaini za Jumamosi hazifai kuhatarisha shahada.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukingo wa nyasi ni hivyo hivyo. Wiki iliyopita nilimwonyesha mama uwanja kwa simu ya video, nikijivunia ule mstari ulionyooka. Akatazama, akaniuliza, "Na huo uchafu hapo mlangoni, nani atafagia?" Nikachukua ufagio.