Hana joho, lakini faili yako anaijua kuliko wewe

Kesi ya familia ikiisha vizuri, sifa humwendea wakili. Watu wanamshika mkono nje ya korti, mzee mmoja anamwombea baraka, picha zinapigwa. Aliyekusanya stakabadhi moja moja mpaka faili ikakamilika hayuko hapo. Yuko ofisini, na tayari ameshafungua faili ya mtu mwingine.

Huyo ni msaidizi wa kisheria. Wateja wengi humwita karani, wengine “yule kijana wa wakili”. Mara nyingi ni wa rika lako, na mara nyingi ni msichana aliyemaliza diploma juzi tu. Leo tumsifu yeye, kwa sababu katika kesi za mirathi, talaka na watoto, uzembe wake au bidii yake ndiyo huamua kama utasota miaka au utapumua.

Fomu si karatasi tu

Chukua mfano wa mirathi. Baba amefariki bila kuacha wosia. Ana akaunti benki, shamba ushago na ploti moja pembezoni mwa jiji. Watoto wanadaiwa karo, lakini benki haitoi pesa bila hati ya korti. Familia inafika kwa wakili ikidhani mambo yataisha kwa wiki mbili.

Anayewaambia ukweli ni msaidizi. Kwanza lete cheti cha kifo. Halafu barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Kisha matokeo ya upekuzi wa shamba kutoka afisi ya ardhi. Baada ya hapo zinajazwa fomu zenyewe: P&A 80 ya ombi, P&A 5 ya kiapo kinachotaja warithi na mali, na P&A 38 ya kuonyesha kuwa wengine wenye haki wameridhia. Ombi likipokelewa, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida ni lazima miezi sita ipite kabla ya korti kuithibitisha ili mali igawanywe.

Hapo katikati kuna mitego. Jina kwenye hati ya shamba lina “y”, kwenye kitambulisho lina “i”. Ni herufi moja tu, lakini asipoiona mapema, utarudi kuapa upya mbele ya kamishna wa viapo huku tarehe ikisonga. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 18, sheria kwa kawaida haitaki msimamizi mmoja peke yake, kwa hivyo ni lazima atafutwe wa pili. Na kuna mjomba mwenye haraka anayetaka kuuza gari la marehemu “kulipia gharama za matanga”. Msaidizi makini atamwambia bila kumvunjia heshima: mzee, gari hilo tusiliguse kwanza. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Swali gumu kuliko yote

Kuna swali moja linalomtofautisha msaidizi wa kweli na mtu wa kujaza fomu. Nalo ni hili: je, mzee alikuwa na mtoto mwingine?

Ofisi inanyamaza. Mama anatazama sakafu. Kifungua mimba anasema, “Hayo tuyaache.” Mtu mvivu angeandika majina matano aliyopewa na kwenda zake lunchi. Aliye makini atasema, “Mama, samahani, swali hili lazima niulize,” kisha angoje. Wakati mwingine atamtoa mama kando, amnunulie maji, amweleze polepole.

Na si udaku. Sheria ya Mirathi inamhesabu kuwa mtoto wa marehemu yule ambaye mzee alimtambua, alimkubali kama wake au alijitwika mzigo wa kumlea, hata kama hakuzaliwa ndani ya ndoa. Jina lake likifichwa, kifungu cha 76 kinairuhusu korti kubatilisha hati hiyo wakati wowote, hata kama ilishathibitishwa. Fikiria mmelipa karo, mmegawana ploti, mmeanza kujenga, halafu siku moja kijana wa miaka 19 anaingia kortini na cheti chake cha kuzaliwa na picha akiwa na baba yenu. Mnarudi mwanzo. Lakini mfikirie pia kijana huyo. Jina lake lilikuwa lifutwe na kalamu ya mtu asiyemjua. Msaidizi aliyeuliza swali lile amelinda pande zote mbili, na huenda hakuna hata mmoja atakayejua.

Nani huweka risiti ya kufua nguo?

Kesi za mali ya ndoa nazo zina jasho lake. Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya JOO dhidi ya MBO kwamba usawa wa wanandoa uliotajwa kwenye Katiba haumaanishi kila mtu anabeba nusu moja kwa moja. Kila mmoja anaonyesha mchango wake. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inakubali mchango usio wa pesa pia: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba.

Sawa, lakini ni nani huweka risiti ya kufua nguo miaka 12? Hapo ndipo kazi ya msaidizi inaanza. Anaomba taarifa za M-Pesa, picha za nyumba ikijengwa, daftari la duka, jumbe za simu. Anatafuta jirani aliyekuwa akiona mama huyu akichota maji ya fundi. Anapanga kila kitu kwa tarehe, mpaka maisha yaliyokuwa yametapakaa yaeleweke kwa hakimu.

Hivyo hivyo kwa matunzo ya watoto. Katiba, kifungu cha 53, inawataka baba na mama wote wawajibike, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inashikilia hilo. Msaidizi huketi na mzazi waandike orodha: kodi ya nyumba, karo, chakula, matibabu. Mzazi mwenye hasira akiongeza chumvi, anaambiwa mapema: auntie, hii ya Sh15,000 za viatu kila mwezi hakimu hataimeza. Kumwambia mteja ukweli kabla ya korti kumwaibisha ni huduma kubwa bana.

Siku hizi mafaili yenyewe hupitia mtandaoni. Mfumo huo ulianza korti za Nairobi Julai 2020, na ukatandazwa nchi nzima 2024. Foleni zimepungua, lakini presha haijaenda mahali. Kurasa 200 ni lazima ziskaniwe kwa mpangilio, na mfumo ukigoma saa nne usiku, si wakili anayekaa akiusubiri.

Mdomo wenye kufuli

Umeona kesi hiyo ya Mahakama ya Juu ilivyoandikwa kwa herufi tu? Ni kulinda faragha ya familia. Msaidizi anayajua majina kamili. Anajua nani alipigwa, nani ana mke wa pili Kitengela, nani alikana mtoto. Huenda faili ni ya mwalimu wake wa zamani au ya jirani wa ploti. Anapanda matatu jioni, anaketi kando ya watu wakipiga umbea, na hasemi kitu. Hilo halimo kwenye mtihani wowote.

Anajua pia mpaka wake. Si wakili. Hasimami mbele ya jaji kukutetea, wala hatoi ushauri kama kwamba ofisi ni yake. Ukimbana sana atakwambia, “Hilo ngoja wakili akujibu.” Usikasirike, hiyo ni alama ya mtu mwaminifu. Jihadhari na broka wa nje ya lango la korti anayekuahidi hati kwa siku tatu. Chama cha Wanasheria (LSK) kina ukurasa mtandaoni wa kukagua kama wakili ana leseni ya mwaka huu. Kagua, na udai risiti kwa kila shilingi.

Ukivutiwa na kazi hii

Njia ipo. Chuo cha mafunzo ya sheria, Kenya School of Law, kina diploma ya wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua, na anayetoa msaada chini ya sheria hiyo ni lazima aidhinishwe. Mashirika kama Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, na FIDA Kenya, lililoanza 1985, yamesaidia maelfu ya watu wasio na pesa za wakili, na wasaidizi wa aina hii ni sehemu ya kazi hiyo. Unahitaji kuandika vizuri, kutunza tarehe, kusikiliza mtu akilia bila kumharakisha, na kunyamaza.

Kama wewe ni mteja, mrahisishie. Fika na nakala za vitambulisho. Taja warithi wote siku ya kwanza, hata yule anayewauma. Usimpigie saa sita usiku kuuliza kama jaji ameandika uamuzi. Na hati yako ikitoka, kabla ya picha na wakili, uliza ni nani aliyepanga faili, umshukuru kwa jina lake.