Milimita Moja ya Egemeo la Kushoto

Sogeeni karibu, wanangu. Chukueni mbao mbili za mninga, mzisimamishe ukingo juu ya ukingo, kisha mtazame upande wa dirishani. Mkiona mwanga unapenya katikati, hizo bado hazijafaa kuwa meza. Gundi haizibi pengo. Mkizilazimisha kwa kuzibana, ipo siku zitaachana palepale kwenye maungio.

Zamani kazi hii ilikuwa ya randa ndefu na mkono wenye subira. Siku hizi karakana nyingi zina ruta, mashine ya kushika mkononi inayozungusha kisu kwa kasi ya mizunguko kama 20,000 kwa dakika. Fundi huipindua akaifunga chini ya meza, kisu kikachomoza juu kupitia tundu. Kulia kwa kisu kuna egemeo, na kushoto kuna egemeo jingine. Ubao huegemezwa hapo, ukasukumwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa tegeni sikio. Tuseme kisu kinakula milimita 1. Maegemeo yakiwa kwenye mstari mmoja, sehemu iliyokwisha kukatwa imepungua milimita 1, kwa hiyo haigusi egemeo la kushoto. Ubao unayumba, na mwishoni kisu kinauma zaidi na kuacha kishimo. Dawa yake ni kulisogeza egemeo la kushoto mbele kwa milimita ileile 1. Fundi hupachika vipande vyembamba vya fomeka nyuma yake. Kisha huchomoa waya wa umeme, akalaza rula ya chuma kwenye egemeo hilo, akazungusha kisu kwa mkono mpaka makali yaiguse rula bila kuisukuma. Hapo ukingo mpya utapokewa barabara, na mkono unaobana uhamie kushoto mapema.

Msiuingize ubao kwa upande wa kushoto hata siku moja! Kisu huzunguka kinyume cha mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu. Ubao ukitokea kulia, kinapingana nao, nanyi mnautawala. Ukitokea kushoto, kinaunyakua na kuuvuta pamoja na vidole. Ndiyo maana mtoto hugusa mashine hii fundi akiwa pembeni, miwani ya kinga ikiwa machoni.

Na kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote. Kisu kisiposimama wima sawasawa juu ya meza, ukingo nao utainama kidogo, hata kama jicho halioni. Basi pitisheni ubao wa kwanza uso wake ukiwa juu, na wa pili uso wake ukiwa chini. Mmoja utainamia huku na mwenzake kule, kwa kiasi kilekile, na mkiunganisha, kasoro hizo zinafutana na uso wa meza unakaa bapa. Mkizipitisha zote uso juu, kasoro zinajumlishana, na meza inabonyea au kuinuka pale kwenye maungio.