Tairi Moja, Barabara Mbili

Barabara itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu ni ya lami hadi lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Kuanzia hapo gari hukanyaga udongo na changarawe, hupanda hadi ukingo wa kasoko, kisha huteremka takribani mita 600 hadi chini. Matairi ni yale yale. Kilichobadilika ni ardhi. Je, tairi lipi lafaa?

Tairi huishika barabara kwa msuguano, tena kwa sehemu ndogo sana. Gari la kilo 2,400 huelemeza kila gurudumu kani ya nyutoni 6,000 hivi. Iwapo kanieneo ya upepo ndani ya tairi ni kilopaskali 250, eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 240, pungufu ya ukurasa wa daftari la shule. Usalama wa abiria wote hutegemea kurasa nne kama huo.

Katika viwanja vya mashindano, lami ikiwa kavu, magari ya mbio hufungwa matairi laini yasiyo na mifereji, ili mpira wote uguse lami. Mvua ikinyesha hapana budi yabadilishwe, kwani maji yasipopata pa kupitia huliinua tairi, na gari huelea. Ndiyo maana tairi kipara ni hatari Karatu wakati wa masika.

Kwenye matope, mifereji myembamba huzibwa na udongo, na tairi zima likawa kama kipara. Mifereji mipana yenye meno makubwa huuma ardhi na kuyatupa matope. Lakini kwenye lami meno hayo hupinda, mpira unaogusa hupungua, na gari huchelewa kusimama. Kwa hiyo tairi la safari hizi aghalabu ni la wastani.

Kupunguza upepo hadi kilopaskali 200 huongeza eneo hadi sentimita za mraba 300, jambo lifaalo penye ardhi laini. Gari lirudipo kwenye lami, upepo urudishwe. La sivyo kuta za tairi hupinda mno, hupata moto, na tairi laweza kupasuka.

Wanafunzi na wapime kwa rula kina cha mifereji ya tairi la gari la shule. Katika nchi nyingi milimita 1.6 ndicho kikomo cha sheria. Kwa mteremko wa kasoko penye utelezi, ni busara kulibadilisha tairi kabla halijafikia kikomo hicho.