Kuvunjika kwa Koleo: Habari ya Kiwanda Kidogo cha Uhunzi Nyumbani

Wahenga walisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Walimu wengi hulitumia neno hili kumtia moyo mtu aliyepatwa na hasara, na maana hiyo ni sawa. Lakini aliyepata kusimama mbele ya moto wa mhunzi aijua maana nyingine iliyo karibu zaidi. Koleo likivunjika, mhunzi hufua jingine yeye mwenyewe, kwa moto ule ule na nyundo ile ile. Seremala hajifanyii msumeno, wala mshoni hajifanyii sindano. Bali mhunzi hufanya vyombo vyake, na vya hao wengine pia.

Katika habari hii twataka kueleza jinsi mtu apendaye kazi ya mikono awezavyo kuweka kiwanda kidogo cha uhunzi nyumbani kwake, kwa saa zake za mapumziko. Tena twataka kuonyesha ya kwamba kiwanda hicho hakianzi kwa kununua vyombo vingi, ila kwa moto, na kwa kwenda kwa mtu aujuaye.

Kuyeyusha na kufua

Kwanza yafaa tutenge kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuyeyusha ni kutoa chuma katika mawe yake kwa tanuru. Kufua ni kukipiga chuma kilichokwisha kupatikana, kikiwa moto, mpaka kipate umbo. Kazi ya kwanza ilikuwa kubwa katika nchi zetu. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu waliyeyusha chuma tangu miaka ipatayo 2000 iliyopita. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza katika jarida la Science jinsi mafundi wazee wa huko walivyojenga tanuru tena, na jinsi upepo ulivyopata joto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuufikia mkaa, hata moto ukawa mkali mno. Lakini chuma cha kigeni kilipozidi kuingia, pamoja na vyuma vichakavu, matanuru hayo yalizimika. Kufua hakukuzimika, kwa maana mhunzi hana haja ya mawe akiwa na springi ya gari iliyovunjika. Kazi hii ya pili ndiyo ya kiwanda chetu.

Hapana budi kutaja desturi pia. Mhunzi wa zamani hakuwa fundi kama mafundi wengine. Katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, nao ndio waliotawala Ugweno kabla Wasuya hawajawaondoa katika utawala. Wakikuyu waliiogopa laana ya mhunzi. Wamasai, kwa upande wao, waliwatenga wahunzi wao, waitwao ilkunono, wala hawakuoana nao. Basi hapa mhunzi aliheshimiwa, pale aliogopwa, na kwingine alidharauliwa huku mkuki wake ukitakiwa sana. Kwa sababu hiyo, mwalimu aendaye kwa mhunzi mzee kujifunza asiingie na kuanza kushika vyombo. Na abishe hodi, amwamkie mzee, aombe ruhusa, akae atazame. Nyundo ya mtu si kitu cha kuokotwa ovyo.

Mahali pa kazi

Kiwanda chataka kivuli na hewa. Kivuli, kwa kuwa rangi ya chuma chenye moto haionekani vema juani, na rangi hiyo ndiyo kipimo cha kazi yote. Hewa, kwa kuwa mkaa uwakao hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliojifungia ndani. Banda lisilo na kuta, lenye paa la bati lililoinuliwa juu, latosha. Sakafu na iwe ya udongo. Nyasi za makuti na kuni kavu zisiwe karibu. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga ziwekwe mahali pamoja kila siku, ili mkono uzijue hata usipotazama.

Moto na upepo

Mivukuto ya kale ya sehemu nyingi ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Mvukutaji hufungua kinywa cha kiriba akikiinua, hukifumba akikishindilia. Na mkono mmoja ukipanda, wa pili hushuka, hata upepo usikatike. Kando ya Ziwa Viktoria walitumia pia vyombo vya mviringo vilivyofunikwa ngozi, vikipigwa kwa vijiti virefu. Nasi twaona jambo moja la akili katika mivukuto ya zamani: mdomo wake haukuzibwa kabisa ndani ya bomba la udongo, bali uliachiwa nafasi kidogo. Kiriba kinapoinuliwa huvuta hewa safi ya nje, wala hakivuti moto ukakiunguza.

Mtu wa leo aweza kutumia kipepeo cha kuzungushwa kwa mkono, au feni ndogo ya umeme. Bakuli la moto laweza kuwa shimo lililokandikwa kwa udongo, au ngoma ya breki ya lori iliyotupwa, yenye bomba la chuma kuingia kwa chini. Mkaa uwe wa mti mgumu, uliopondwa kiasi cha ndimu. Rundo lake liwe na kina cha kiganja na zaidi, na chuma kilazwe katikati ya rundo, si chini kabisa mbele ya mdomo wa upepo. Kwa maana hapo upepo ungali na nguvu ya kula chuma, nacho hutoka kimejaa magamba.

Fuawe na nyundo

Jina fuawe lasikika kama kwamba ndani yake mna kufua na iwe, yaani jiwe. Na kweli wahunzi wengi wa zamani walifulia juu ya jiwe gumu. Anayeanza asisumbuke kutafuta fuawe la kigeni lenye pembe. Kipande cha reli chafaa sana. Reli ya ratili 80 kwa yadi, ikikatwa nusu mita, ina uzito wa kilo 20 hivi. Isimamishwe wima ndani ya gogo zito, ili uzito wote uwe chini ya pigo. Lakini na inunuliwe kwa muuzaji wa halali, tena kwa stakabadhi, kwa sababu wizi wa reli ni hatari kwa roho za wasafiri, na sheria humshika mnunuzi pia. Kimo cha fuawe ni hiki: simama wima, ulegeze mkono, ukunje ngumi, uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi yako. Likiwa chini ya hapo mgongo utauma, likiwa juu bega litachoka.

Nyundo ya kilo moja yatosha. Wageni wa kazi hii hununua nyundo nzito, na baada ya nusu saa hupiga kando. Pamoja na nyundo, tupa moja, tindo moja ya kukatia na msumeno wa chuma. Jiliwa na keekee vyaweza kungoja.

Koleo la kwanza

Mtu atauliza, nitashikaje chuma cha moto nisipokuwa na koleo? Jibu ni kuchukua nondo ndefu, upande mmoja uwe motoni, na upande wa pili, uliopoa, uwe mkononi. Kwa njia hiyo fanya kwanza kulabu ya kutundikia, kisha kijiti cha kuchokolea moto. Hapo mkono umeanza kujua, basi ufue koleo.

Twaa nondo mbili laini, unene wa milimita 12. Katika kila moja bapa ncha iwe mdomo; igeuze robo ya mzunguko, ubape mahali pa kiungo; kisha ukivute chuma kilichobaki kiwe mkono mrefu. Toboa kiungo, utie ribiti ikiwa moto, uipige. Kisha rudisha kiungo motoni, ukifungue na kukifunga koleo mpaka liende bila kukwama. Neno moja la kuangalia: vipande viwili viwe sawasawa kabisa, kama ndugu pacha wanaofanana, si kama mkono wa kulia na wa kushoto. Karibu kila mwanafunzi hukosa hapo, akafanya vipande vilivyo kinyume, navyo havikubali kukutana. Sisi pia tulikosa vivyo hivyo, tukafua mara ya pili. Siku ile ndipo tulipoifahamu methali.

Chuma na feleji

Nondo laini haipati makali ya kudumu. Kisu, tindo na jembe la kukwatulia vyataka feleji. Wazee waliita pia chuma cha pua. Lakini siku hizi jina hilo watu hulitumia kwa chuma kisichoshika kutu, basi mwandishi na aangalie asiwachanganye wasomaji. Springi ya gari ni feleji njema. Ifuliwe ikiwa rangi ya chungwa. Ikigeuka nyekundu hafifu, irudi motoni. Ikitoa cheche nyeupe, imeungua wala haiponi.

Kuigumisha ni hivi: ipashe moto mpaka sumaku isiishike tena, yaani joto la digrii 770 hivi, uzidishe kidogo, kisha uizamishe katika mafuta ya vuguvugu. Kisu chetu cha kwanza tulikigumisha vema, tukafurahi, nacho kikaanguka sakafuni kikavunjika kama kigae. Mhunzi mzee tuliyemwonyesha vile vipande hakucheka. Alitufundisha kukisugua kisu kipya mpaka king'ae, kisha kukirudisha juu ya moto mdogo na kutazama rangi zikitembea: kwanza njano ya majani makavu, karibu na digrii 225, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawi, karibu na 300. Kisu husimamishwa penye njano iliyokoza au kahawia; tindo na shoka penye zambarau. Ugumu hupungua kidogo, na uvumilivu huongezeka.

Mambo ya hatari

Macho na yavikwe miwani. Nguo ziwe za pamba, kwa maana nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Mafuta yakishika moto yafunikwe kwa kifuniko cha bati, yasimwagiwe maji kamwe. Watoto wasiachwe karibu, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuwa cheusi bado chaweza kuunguza.

Hatari moja haionekani. Siku moja tulitia motoni kipande cha bomba kuukuu la maji, tukidhani ni chuma kitupu. Moshi mweupe ulitoka. Usiku tukashikwa na baridi, homa na kifua kubana, tukadhani ni malaria. Ilikuwa zinki iliyopakwa juu ya bomba lile lisishike kutu. Nayo huchemka penye digrii 907, joto ambalo mhunzi hulipita kila siku. Basi bati, mabomba na waya za namna hiyo zisitiwe motoni kabisa.

Neno la mwisho

Vijana wengi tuwaulizao huijua nyundo na tupa. Tukiwatajia fuawe, feleji na mivukuto, hunyamaza. Maneno haya hayakai kwa kuandikwa katika kamusi tu. Hukaa mdomoni mwa mtu anayesema, "Vukuta kidogo," au "Lete koleo," na mwenzake akaleta. Wazee walio nayo wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, hasa walimu, kila mmoja amtafute mhunzi wa karibu naye, ajifunze kwake kufua kitu kimoja, na jioni aandike katika daftari jina la kila chombo na la kila tendo, kama yule mzee alivyolitamka kwa lugha yake. Akianza na koleo, ameanza vema.