Madereva wenye umri mkubwa njia ya Afungi: Je, magari yanayojiendesha ni suluhisho?

Tangazo la kampuni ya TotalEnergies la Novemba 2025, la kuondoa zuio lililosimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi kuanzia Aprili 2021, limewafanya wasafirishaji wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji waanze kuitazama upya njia waliyoiacha. Mradi huo ulio wilaya ya Palma, mkoani Cabo Delgado, umepangwa kuzalisha tani milioni 13.1 za gesi iliyogeuzwa kimiminika kwa mwaka, na lengo ni kuanza uzalishaji mwaka 2029.

Malori yanaweza kununuliwa. Dereva anayeijua njia hiyo hanunuliwi. Wengi wa wale walioizoea kabla ya shambulio la Palma la Machi 24, 2021 walikuwa watu wazima tayari, na miaka ya kusimama kwa mradi haikusimamisha umri wao. Aliyekuwa na miaka 56 wakati huo alifikisha 60 mwaka 2025.

Ndiyo maana swali linaloulizwa katika nchi zenye wazee wengi, kama Japani, sasa linamhusu pia msafirishaji wa Mtwara au Pemba: je, gari linalojiendesha linaweza kumbeba dereva ambaye macho na viungo vyake vimeanza kuchoka?

Jibu fupi ni kwamba lori lisilo na dereva halitafika Afungi kwa barabara hivi karibuni. Hata hivyo, baadhi ya vifaa vya teknolojia hiyo tayari vimo ndani ya malori yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Ulaya, na huenda mmiliki anavyo bila kujua.

Gari linalojiendesha ni lipi?

Wahandisi hutumia vipimo vya chama cha SAE cha Marekani, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014. Vipimo hivyo vina ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5.

Ngazi ya 0 ni gari la kawaida. Katika ngazi ya 1 na ya 2, gari husaidia kushika mwendo, breki au usukani, lakini dereva ndiye mwenye jukumu na lazima aangalie barabara muda wote. Katika ngazi ya 3, gari hujiendesha katika mazingira fulani, ila likishindwa humwita dereva achukue usukani. Ngazi ya 4 haihitaji dereva, lakini ndani ya eneo lililowekewa mipaka tu. Ngazi ya 5 ni gari linaloweza kwenda popote, wakati wowote. Hadi leo hakuna gari la ngazi hiyo.

Kwa dereva mwenye umri mkubwa, ngazi ya 3 ndiyo yenye mtego. Gari humwacha akae bila kazi kwa muda mrefu, kisha humdai aamue kwa sekunde chache. Wepesi wa kuitikia jambo la ghafla ni kitu ambacho umri hukipunguza. Teknolojia inayomsaidia mzee ni ile inayokuwa macho pamoja naye muda wote, au ile isiyomhitaji kabisa.

Imefika wapi duniani?

Kampuni ya Waymo ilifungua huduma ya teksi zisizo na dereva kwa umma katika eneo la Phoenix, Marekani, Oktoba 2020, na baadaye ikaingia miji mingine. Kwa upande wa mizigo, kampuni ya Aurora ilitangaza Mei 2025 kuwa lori lake lilianza kubeba mizigo bila dereva kati ya Dallas na Houston. Wiki chache baadaye, mtu alirudishwa kwenye kiti cha dereva kama mwangalizi, kwa ombi la mtengenezaji wa lori hilo. Hiyo ni barabara kuu pana, yenye mistari iliyochorwa.

Japani ina sababu kubwa zaidi ya kutafuta suluhisho. Aprili 2019, dereva wa miaka 87 aligonga watu katika eneo la Ikebukuro, Tokyo, akaua mama na mtoto wake. Tukio hilo liliwasukuma wazee wengi kurudisha leseni kwa hiari. Huko, mwenye miaka 75 au zaidi hupimwa kumbukumbu na uelewa anapohuisha leseni.

Mwaka 2023 Japani iliruhusu magari ya ngazi ya 4, na la kwanza lilianza katika mji mdogo wa Eiheiji. Gari hilo hupita njia maalumu ya takriban kilomita 2, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Hata katika nchi yenye viwanda vikubwa vya magari, mwanzo ulikuwa njia fupi iliyotengwa.

Kwa nini si leo kwa njia ya Afungi?

Kutoka Mtwara kuna njia mbili za nchi kavu. Fupi ni ya Kilambo, ambako mto Ruvuma huvukwa kwa chombo, na safari hutegemea kina cha maji. Ndefu hupita Masasi na Mangaka hadi Mtambaswala, kisha Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lililofunguliwa Mei 2010, halafu Negomano, Mueda, Awasse na Mocímboa da Praia hadi Palma.

Kizuizi cha kwanza ni barabara yenyewe. Mashine hulinganisha inachokiona na ramani iliyohifadhiwa. Pale ambapo mvua imekula kingo na gari hulazimika kuchepuka porini, ramani ya mwezi uliopita haina faida. Mwishoni mwa 2019 mafuriko yalibomoa daraja la mto Montepuez kwenye barabara ya N380, inayounganisha kusini mwa mkoa huo na wilaya za kaskazini. Dereva mzoefu huwauliza wenzake waliotoka huko kabla hajaondoka. Mashine haina wa kumuuliza.

Cha pili ni usalama. Mashine imefundishwa kusimama inapoona kizuizi. Katika mkoa ambao magari yamewahi kushambuliwa barabarani na ambako misafara hupita chini ya ulinzi, kusimama ovyo kunaweza kuwa kosa la mwisho. Kinyume chake, kwenye kizuizi cha askari ni lazima kusimama, kuzima taa na kujieleza, mara nyingine kwa Kireno, Kimakonde au Kiswahili.

Cha tatu ni sheria na makaratasi. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulisema kila gari liwe na dereva. Kipengele kinachotambua mifumo inayojiendesha kilianza kutumika Julai 2022 tu, na bado kila nchi inatakiwa kuwa na sheria yake ya ndani. Aidha, Msumbiji haimo katika mpango wa bima wa Kadi ya Njano wa COMESA, hivyo lori linalovuka huhitaji bima ya upande wa pili. Mashine ikigonga mtu Mueda, alipe nani: mwenye lori, mwenye programu au bima? Ni lazima jibu lipatikane kabla ya safari.

Hesabu ya mfanyabiashara

Nchini Marekani, malipo ya dereva hufikia karibu asilimia 40 ya gharama za kuendesha lori. Hapo mwekezaji ana sababu ya kumwondoa dereva. Afrika Mashariki mambo ni kinyume: malipo ya dereva ni sehemu ndogo, na kilicho ghali ni mkopo, mafuta na matairi.

Chukua mfano wa kufikirika. Dereva analipwa Sh500,000 kwa safari, safari tatu kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh milioni 18. Mmiliki akikopa Sh milioni 100 za vifaa vya kujiendesha kwa riba ya asilimia 18, riba ya mwaka wa kwanza ni Sh milioni 18. Riba peke yake imemeza malipo yote ya dereva, na deni lenyewe halijaguswa. Bado atahitajika mtu wa kulinda mzigo, kubadili tairi na kushughulikia nyaraka Negomano.

Ndani ya uzio ni jambo jingine

Eneo la mradi wa Afungi lina takriban hekta 7,000. Sehemu zilizofungwa kama hizo, zenye mmiliki mmoja, ramani moja na zisizo na bodaboda wala mbuzi, ndizo mashine huanzia. Kampuni ya Rio Tinto ilianza kujaribu malori yasiyo na dereva katika migodi ya Pilbara, Australia, mwaka 2008.

Kwa hiyo, kama siku moja lori la aina hiyo litaonekana Afungi, litaanzia ndani ya geti, si kwenye barabara ya Mueda. Msafirishaji anayeleta mzigo kutoka nje bado atahitaji mtu mwenye leseni.

Kilichopo tayari kwenye lori

Tangu Novemba 2015, malori mengi mapya mazito yanayosajiliwa Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na breki zinazojifunga zenyewe gari likikaribia kugonga lililo mbele, na kifaa kinachoonya lori likitoka kwenye mstari. Kuanzia Julai 2024, magari mapya huko yanatakiwa pia kuwa na kifaa kinachotambua dereva anayesinzia. Lori lililotumika la baada ya 2015 linaloshushwa bandarini linaweza kuwa na vifaa hivyo.

Tatizo ni kwamba mara nyingi huuawa gereji. Rada ya breki hukaa kwenye bampa la mbele. Fundi anapochomelea ngao ya chuma mbele yake, rada inapofuka. Kamera hukaa nyuma ya kioo cha mbele, na kioo kikibadilishwa bila kamera kupangwa upya, hupotea njia. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, wengine huchomoa waya ili isiwasumbue.

Kifaa cha mistari kitasaidia Masasi kwenye lami, si Negomano kwenye vumbi. Lakini breki na onyo la usingizi vinaweza kumfidia dereva wa miaka 60 sehemu ya wepesi aliopoteza.

Miili ya madereva

Kufikia miaka 60, mwanga unaofika ndani ya jicho ni takriban theluthi ya ule wa kijana wa miaka 20. Ndiyo maana mzee anayeendesha vizuri mchana anaweza asimwone mtembea kwa miguu usiku. Mtoto wa jicho, presha ya macho, kisukari na shinikizo la damu huongeza hatari. Mengi kati ya hayo hutibika au kudhibitiwa kwa gharama ndogo kuliko tairi moja la lori.

Kwa nini basi madereva hawaendi kupimwa? Sababu ni ya kiuchumi. Nchini Tanzania, pensheni ya uzee ya NSSF humhitaji mwanachama awe amechangia miezi 180. Dereva aliyeishi kwa posho ya safari bila mkataba hana michango hiyo. Kwake, kukiri kwamba haoni vizuri ni kukiri kwamba watoto hawatakula. Kipimo kikiwa barua ya kufukuzwa, atakwepa kupimwa, na mmiliki atajua ukweli siku lori liko mtaroni.

Msafirishaji afanye nini?

Kwanza, aseme mapema, kabla ya kumpima yeyote, kazi gani inamsubiri atakayekutwa na kasoro: safari za mchana tu, kipande cha Mtwara hadi Mtambaswala, kupanga safari ofisini au kufundisha vijana.

Pili, agawanye njia. Mzee akifikisha lori mpakani na kumkabidhi dereva mwingine, saa za usukani hupungua kwa wote wawili. Katika safari za mwanzo wasafiri pamoja, ili kijana ajifunze njia kwa aliyeipita.

Tatu, apime macho, sukari na shinikizo la damu kila mwaka kwa gharama ya kampuni, na miwani iwe kifaa cha kazi kama jeki.

Nne, anaponunua lori aulize kama lina rada na kamera, azijaribu, kisha amkataze fundi kuziba bampa.

Tano, ajiandae kwa masharti ya wenye mizigo. Chama cha kimataifa cha wazalishaji wa mafuta na gesi, IOGP, kina mwongozo wa usafiri wa nchi kavu, ripoti namba 365, unaogusa afya ya dereva, mpango wa safari na kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari. Anayetaka zabuni za sekta hiyo atakutana na masharti ya aina hiyo, na kumbukumbu za vipimo vya madereva wake zitakuwa mtaji wake.

Huenda gari linalojiendesha litafika katika njia hii miaka ijayo. Kabla halijafika, mzigo wa Afungi utaendelea kubebwa na watu wanaokijua kila kivuko na kila kona ya njia hiyo. Kuwapima macho leo ni rahisi kuliko kutafuta wengine wa kuwafundisha upya.